Aliyerudi Kuulizia Sahani ya Mbegu

Wa kucheka acheke sasa, amalize, ndipo tuendelee. Mimi si mlevi, sina ugonjwa wa kichwa, na sijawahi kukimbia kivuli. Nimeshika spana tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na kazi ya vyuma haimfundishi mtu kuota mchana. Lakini haya yalinipata, tena hapa hapa Maskati, mtaa wa Al Khoudh, saa saba mchana, jua likiwa limesimama utosini. Visa vya usiku kila mtu anavyo. Changu kilikuja mchana peupe, na kilipoondoka kiliacha matope sakafuni.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana bila hiyo hutajua kwa nini alinijia mimi na si mwingine. Nilisomea mitambo ya shamba kwetu Njoro, Kenya. Hapa Oman namfanyia kazi Bi Zuwena, mama wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, mjane mwenye nyumba kubwa na maradhi mamoja tu: kununua vitu vya kale. Wenzake wananunua dhahabu, yeye ananunua mizani, cherehani na redio za mbao. Sasa anataka kufungua bustani ya kahawa kule Qurum, aipambe kwa mitambo ya zamani ya kilimo, watu wanywe kahawa yao ya bei kali huku wakipiga picha na kutu. Mimi kazi yangu ni kuvitambua vyuma hivyo: hiki ni nini, kilitoka kiwanda gani, kipi ni cha asili na kipi kilipachikwa baadaye. Nikishamaliza ndipo navisafisha na kuvipaka mafuta.

Mashine ninayoisema ilitoka kwetu. Kaka yangu huzunguka mashamba ya zamani ya walowezi kule juu ya Njoro akitafuta vyuma vilivyosahauliwa. Ananitumia picha, Bi Zuwena akipenda, vinapakiwa kwenye kontena. Ndivyo ilivyokuja planta ile. Ni mashine ya kupandia mahindi, ya kuvutwa na farasi wawili, na ilitolewa chini ya banda lililoanguka kwenye shamba la mlowezi ambaye wazee wetu walimwita Kofia Mbili, kwa sababu kofia yake ilikuwa ya tabaka mbili. Huyo alishakufa zamani na shamba likagawanywa. Mimi mwenyewe nimesoma shule ya msingi iliyojengwa kwenye ardhi hiyo. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Planta si kitu cha kutisha. Ina magurudumu mawili ya chuma, kiti cha chuma chenye matundu anachokalia mwendeshaji, na masanduku mawili ya mbegu, la kulia na la kushoto. Chini ya kila sanduku kuna sahani ya chuma, kubwa kama sahani ya wali ya mtoto, yenye matundu ukingoni. Gurudumu likizunguka, sahani nayo inazunguka, na kila tundu linabeba punje moja na kuiangusha kwenye mfereji. Sahani ikiwa sawa, mistari inaota sawa. Ikiwa na kasoro, hata uwe na farasi wa mfalme, utavuna hasira.

Na kuitambua je? Watu wa mtandaoni wanaangalia rangi. Rangi! Rangi mtu anaweza kuipaka jana. Mimi naangalia namba. Kila kipande kilichomiminwa kwenye kalibu hutoka na namba yake imeinuka juu ya chuma, na kila kiwanda kilikuwa na tabia yake: huyu anatanguliza herufi, yule anamalizia kwa alama. Unasugua kutu pole pole kwa brashi ya waya, unapitisha chaki kwa ubavu, na namba zinajitokeza zenyewe. Kwenye mashine hii kila kipande kilikuwa na herufi R mbele ya namba yake, kuanzia ekseli hadi kiti. Kiwanda chake nilikijua siku hiyo hiyo, ni cha Marekani, na sitakitaja hapa kwa kuwa hakijanituma kukitangaza. Nilijisifu sana. Nilimpelekea Bi Zuwena ujumbe kwamba planta yake sasa ina baba anayejulikana.

Kilichokataa kilikuwa kimoja tu, sahani ya sanduku la kushoto. Hiyo haikuwa na R. Ilikuwa na namba tupu na nyota ndogo mwishoni, yaani ilitoka kiwanda kingine kabisa. Mtu alikuwa amekwangua ukingo wake kwa tupa ili aiingize kwa nguvu.

Bi Zuwena alikuja kwenye banda langu la kazi kuiangalia, mtandio mkono mmoja, simu mkono wa pili.

"Mie nnataka kitu kamili, mwanangu," aliniambia. "Watakuja watu wenye kujua, wakaona kiraka, wanicheke. Khaa! Itoe hiyo, utie inayostahiki."

"Ya asili nimeipata, Bi Zuwena. Kuna mtu Ulaya anayo, nimeshaagiza."

"Basi hiyo nyengine itupe. Nyumba yangu ishajaa."

Nikaitupa. Sikusita hata kidogo. Niliirusha kwenye pipa la vyuma chakavu lililo karibu na geti, ikalia kama kengele mara moja, nami nikarudi kunywa chai yangu. Pikapu ya kuchukua chakavu huja kila Alhamisi.

Sasa tufike hiyo Alhamisi.

Nyumbani kwa Bi Zuwena kuna sheria moja isiyovunjwa: tangu adhuhuri mpaka alasiri hakuna kugonga chuma. Ni saa ya kulala. Ulikuwa mwezi wa sita, na wewe kama hujawahi kukaa Maskati mwezi wa sita, usinisimulie habari za jua. Kazi za nje husimama saa hizo. Mafundi wa nyumba iliyokuwa ikijengwa ng'ambo ya barabara walikuwa wamelala kivulini kwa safu, na paka wote walikuwa chini ya magari. Mimi silali mchana, kwa hiyo hujifungia bandani na feni yangu na kufanya kazi za kimya. Siku hiyo nilikuwa naandika kibao cha planta, kile cha kuwekwa pale Qurum: jina la mashine, kiwanda, nchi ilikotoka. Nilikuwa nimeinama.

Ndipo nikasikia harufu ya mvua.

Nielewe vizuri. Sikusema harufu ya maji ya bomba kwenye zege. Nasema harufu ya mvua ya asubuhi ikipiga udongo mweusi wa milimani kwetu, pamoja na baridi yake na majani yake, harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa miaka minne. Machozi yalinitoka kabla sijajua ni ya nini. Nikainua kichwa.

Mzee mmoja alikuwa amesimama kando ya planta. Alivaa kaboti, lile koti zito la kijeshi ambalo wazee wetu wa baridi hawakuachana nalo mpaka kaburini. Suruali ameikunja magotini. Miguu mitupu, matope meusi hadi kwenye vifundo, majani mabichi yamenata. Mimi jasho lilikuwa linanitiririka hali nimekaa chini ya feni, na yeye alikuwa amejikunyata kwa baridi.

Niliogopa? Bado. Utashangaa, lakini kwanza nilikasirika. Nilidhani ni jamaa wa mlinzi wa jirani, hawa Wakenya wenzangu wana wageni kila wiki.

"Mzee, hapa hatuingii bila kubisha," nikamwambia.

"Nimebisha," akasema. "Hakuna aliyefungua."

Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, kile kigumu cha mashambani. Hakuniangalia. Alikuwa anapapasa ule mti mrefu wa mbele, pale wanapofungwa farasi, kama mtu anayemsalimia ng'ombe wake.

"Hapa alikaa Jenerali," akasema. "Hapa Malkia. Farasi wale walikuwa na akili kumshinda Bwana. Sanduku likianza kulia, wanasimama. Unawapiga, hawaendi."

"Kulia vipi?"

"Krr, krr. Kama mawe ya kusagia."

Halafu alitia mkono ndani ya sanduku la kushoto. Nilimwona akitafuta kwa vidole, taratibu, kisha haraka. Alipoutoa mkono mtupu, uso ulimbadilika. Nimeona watu wakipokea simu za msiba, lakini uso ule sijauona tena.

"Sahani iko wapi, mtoto wangu?"

"Nimeitupa, mzee. Haikuwa yake. Ni ya mashine nyingine."

Akakaa chini sakafuni, kwenye vumbi la kutu, kaboti likamzunguka.

"Kumbe umejua haikuwa yake," akasema. "Umejua, halafu umeitupa."

Akaanza kulia. Mzee wa umri wa babu yangu, analia bila sauti, mabega yanatikisika. Na wakati huo huo nikasikia pikapu ya chakavu ikirudi nyuma kule getini, ile milio yake ya kuudhi. Niamini, sikujiuliza yeye ni nani wala ana haki gani. Nilitoka mbio. Zege lilikuwa linaunguza hata kupitia kandambili. Mtu wa pikapu alikuwa ameshalibeba pipa kifuani, nikalishika upande wa pili, tukavutana, akanitukana kwa Kiurdu na mimi nikamjibu kwa lugha yangu, hakuna aliyeelewa mwenzake. Nilitia mikono mle ndani kati ya misumari na mabati. Vidole vikakatika, viwili hivi, makovu ninayo bado. Nikaipata.

Nilirudi nayo nikihema. Alikuwa pale pale.

"Nisomee," akasema. "Mimi sikusoma. Nisomee mashine yote, kisha unisomee hiyo."

Basi nikamsomea. Nilipitisha chaki kipande kwa kipande, ekseli, gurudumu, kiti, mguu wa sanduku, na kila mahali nikamtajia: R, na namba yake. Yeye anaitikia kwa kichwa. Mwisho nikaipaka chaki sahani. Hakuna R. Namba, na nyota.

"Tena," akasema.

Nilimsomea mara tatu. Na nilipokuwa nasoma ile ya tatu, ufundi wangu ukaamka, maana mpaka hapo nilikuwa nimeitambua sahani ile bila kuiuliza swali. Niliitoa sahani ya kulia, ile ya asili, nikazilaza pamoja mezani. Ya nyota ilikuwa nyembamba. Tofauti yake unene wa njiti ya kiberiti, si zaidi. Nikaigeuza. Chini yake palijaa mikwaruzo ya duara, duara ndani ya duara. Nikachukua bisibisi, nikainama kwenye sanduku la kushoto, nikachokonoa kitako chake pale sahani inapokaa. Kilitoka kitu kigumu cha manjano kilichoshikana na kutu. Nilikisaga kati ya vidole.

Ulikuwa unga. Unga wa mahindi, mkavu kama chokaa.

"Mzee," nikasema, "sahani hii ilikuwa nyembamba, imeacha mwanya chini. Punje zilikuwa zinaingia kwenye mwanya. Hili sanduku halikuwa linapanda. Lilikuwa linasaga mahindi na kumwaga unga ardhini."

Alinyoosha kiganja. Nikamwekea unga kidogo. Aliunusa.

"Hii ndiyo mbegu waliyosema nimekula," akasema.

Hapo akanieleza, kwa maneno machache, sitayaongeza. Sahani ya asili ilivunjwa na jiwe. Kofia Mbili akaomba nyingine kwa jirani yake, akaikwangua kwa tupa, akaipigilia. Mzee akamwambia, Bwana, sanduku linalia. Akajibiwa aangalie farasi. Baada ya wiki tatu mistari ya kulia ilikuwa ya kijani na ya kushoto ilikuwa udongo mtupu, na magunia ya mbegu yameisha. Zimekwenda wapi? Kofia Mbili hakutafuta mbali. Akasema zimebebwa kwenye mifuko ya kaboti. Akapiga kengele, watu wote wa shamba wakakusanyika, na mzee akafukuzwa mbele yao na mke wake na watoto wake, mvua ikinyesha. Hakuiona mvua ya mwaka uliofuata.

"Bwana alikuwa mtu wa kupita," akasema. "Hakuniumiza sana. Wenzangu ndio walioniumiza. Aliuliza, huyu ni mwizi? Wakasema ndiyo."

"Jina lako nani, mzee?"

"Njogu. Lakini baada ya siku ile hakuna aliyeniita hivyo. Waliniita Mbegu."

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo kisa kinapoacha kuwa chake na kuwa changu.

Darasa la nne kulikuwa na msichana aliyekaa mbele yangu, Wairimu. Sisi tulimwita Wairimu wa Mbegu. Kwa nini? Hatukujua, jina tulilikuta. Nyumbani kwao waliitwa hivyo wote, na likitajwa watu wanacheka. Siku moja mwalimu alitutoa kwenda kupanda mahindi bustani ya shule, akawa anampa kila mtoto konzi moja ya mbegu. Zamu ya Wairimu ilipofika, mtoto mmoja akapaza sauti, "Huyo mhesabie, Mwalimu! Mhesabie!" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, na akamhesabia kweli, moja, mbili, tatu, msichana amesimama na mikono miwili wazi, macho chini.

Aliyepaza sauti nilikuwa mimi.

Niliona aibu mpaka ngozi ikaniwasha. Nilikuwa nimeisahau siku hiyo kabisa, ndivyo mkosaji anavyosahau. Nilitaka kuomba msamaha, nikainua macho, na ndipo nilipoona kitu nilichopaswa kukiona tangu mwanzo. Tulikuwa tumekaa pale zaidi ya saa mbili, kwenye joto la kukausha samaki, na yale matope ya miguuni mwake hayakuwa yamekauka. Kaboti lilikuwa bado linachuruzika. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye ncha ya koti, tone, kisha tone, kama mtu aliyetoka mvuani sasa hivi.

Hapo niliogopa. Wewe ungekimbia? Mimi nilitaka, nikabaki nimeshika ukingo wa meza.

"Wewe unajua kusoma chuma," akasema, kwa upole, kama anayenituliza. "Wasomee na wao kule nyumbani."

Adhana ya alasiri ikaanza msikitini. Niligeuza shingo kidogo tu kuelekea dirishani. Nilipoirudisha, nilikuwa peke yangu na feni.

Najua unachotaka kusema. Joto, njaa, kukumbuka nyumbani. Mimi pia ningesema hivyo, kama mlango usingefunguliwa dakika ile ile na Nakato kuingia. Nakato ni msichana wa Uganda anayepika kwa Bi Zuwena, mtu wa maneno machache na kanisa la Ijumaa, siku ya mapumziko huku. Alikuwa na sinia, vikombe viwili vya chai.

"Dada, yule mzee ameenda? Nilimuona kwa dirisha anatetemeka, nikasema nimuletee chai ya moto."

Yeye akatazama sakafuni. Nyayo za matope zilitoka kwenye planta hadi kwenye ukuta wa nyuma, na zikaishia ukutani. Mlangoni hapakuwa na hata moja. Nakato aliweka sinia chini, akapiga ishara ya msalaba, akachota ule udongo kwa kidole.

"Huu si wa hapa," akasema. "Hapa hawana udongo mweusi."

Nilishikwa na homa siku tatu. Siku ya pili Bi Zuwena alikuja chumbani kwangu na chetezo cha ubani, akakaa kwenye kiti akinisomea aya zake. Nikamwambia yote. Nilitegemea ama anicheke ama anitafutie tiketi ya kurudi, maana nani anataka fundi anayezungumza na wafu kwenye banda lake? Alipuliza makaa ya chetezo mpaka ubani ukaisha kufuka.

"Mie nimetolewa kwetu mtoto mdogo, mkono umeshikwa na mama," akasema hatimaye. "Nnajua mtu akitoka mlangoni na jina baya, jina linatangulia mbele. Sahani hiyo si ya kukaa Qurum, wala si ya kutupwa. Ipeleke kwao."

"Na planta, Bi Zuwena? Ile sahani ya Ulaya ikifika?"

"Irudishe. Sanduku la kushoto liache tupu."

"Ulitaka kitu kamili."

"Nlitaka," akasema, akanyanyuka na chetezo chake. "Sasa hebu kunywa uji wako."

Likizo yangu ilipofika nilisafiri nayo mwenyewe, kwenye mkoba wa mkononi, imefungwa kwenye kanga. Watu wa ukaguzi uwanja wa ndege waliigeuza weee, wakaniuliza ni silaha gani. Pamoja nayo nilibeba ule unga kwenye kichupa cha dawa.

Wairimu anaishi pale pale, nyumba ya mabati nusu kilomita kutoka shuleni. Alinijua mara moja na hakutabasamu. Alinikaribisha kwa sababu ya desturi tu, akanipa kiti, akasimama. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima tangu Nairobi, nikaikosa yote.

"Ile siku ya bustani," nikasema, "aliyesema uhesabiwe nilikuwa mimi."

"Najua," akasema. "Nilikuwa naijua sauti yako."

Ungekuwa wewe, ungeendelea vipi? Mimi niliifungua kanga. Niliweka sahani mezani, nikamwonyesha picha za planta kwenye simu, nikamweleza R na nyota, unene na mwanya, nikamwagia unga kidogo kwenye karatasi. Sikumwambia kwanza kwamba ni babu yake aliyeniagiza, hilo nilimwambia baadaye. Aliusugua unga kati ya vidole. Halafu akakaa.

"Baba yangu alikufa hajapanda hindi hata moja," akasema. "Viazi alipanda, njegere alipanda. Mahindi tulikuwa tunanunua. Na akinunua, anabeba mfuko mdomo wazi, kutoka dukani mpaka hapa, ili kila mtu aone yametoka dukani. Mvua inanyesha, mfuko wazi. Sisi watoto tulikuwa tunaona haya kutembea naye."

Alilia, nami nikalia, na sioni sababu ya kulificha hilo. Kisha alijifuta uso kwa pindo la leso, akaichukua sahani, akatoka nayo nje. Nilidhani anataka kuitazama kwenye mwanga. Aliendelea mpaka barabarani, mbele ya duka, pale wanaposimama watu wote jioni wakisubiri maziwa. Walikuwepo wengi, na wazee watano au sita ambao baba zao waliisikia kengele ile. Watu wakaanza kusogea. Mmoja alimwita kwa lile jina kama kawaida yao, bila ubaya wowote, ndivyo walivyozoea.

Wairimu aliinua sahani mikono miwili wazi, kama siku ile ya bustani, ila safari hii macho yake hayakuwa chini.

"Nisomee," akaniambia. "Hapa. Kwa sauti."

Nikatoa chaki, nikasoma.

Ni hayo tu. Mzee sijamwona tena, ingawa pale sakafuni bandani, karibu na ukuta wa nyuma, pana unyevu ambao Nakato ameupiga deki mpaka amechoka. Mchana wa joto kali ndipo unapoonekana zaidi, na ukiinama utasikia harufu ya mvua. Planta iko Qurum. Ukipita, utaona kibao changu, na jina la Njogu liko juu ya jina la kiwanda. Wenye kujua wanamuuliza Bi Zuwena mbona sanduku moja ni tupu, naye anawaambia wakae, waagize kahawa, kwani maelezo ni marefu.

Nakuonya basi, wewe unayenisikiliza. Ukishika chuma cha zamani, soma kabla hujakwangua, na kipande kisichofanana na wenzake usikitupe kabla hujakiuliza kilifikaje hapo. Na ukikuta mtaani kwenu kuna mtu mwenye jina la kuchekesha, jina ambalo kila mtu analitaja na hakuna anayejua lilianza wapi, usilirudie. Mimi nililirudia nikiwa mtoto, na mwenye jina alitembea kutoka Njoro hadi Maskati, kwa miguu mitupu, kuja kunitafuta.